Oda ya Oktoba Hupandwa Julai: Kupatanisha Kalenda ya Mkulima na ya Mnunuzi wa Mishiri

Mada iliyotolewa kwa wakulima wa mishiri, wanunuzi na viongozi wa vyama vya ushirika



Mishiri ni zao la haraka. Katika maeneo ya joto, mkulima akipanda leo huanza kuchuma baada ya siku 45 hadi 50. Penye baridi husubiri siku 60 na pengine zaidi. Akishaanza, huchuma mara mbili au tatu kwa wiki, na uchumaji huendelea kwa wiki tatu hadi tano hivi, kisha shamba huwa limekwisha. Ni mazao machache yanayomrudishia mkulima mdogo pesa zake kwa kasi hiyo, na ndiyo sababu vijana wengi waliokataa kahawa ya baba zao wamekubali mishiri.

Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo inayomuumiza. Mahindi yakikosa mnunuzi leo huwekwa ghalani. Kahawa ikishakaushwa hungoja mnada. Hata parachichi huweza kupakiwa kwenye meli Mombasa na kukaa baharini wiki kadhaa likiwa kwenye baridi. Mishiri haingoji. Viwango vya soko la Ulaya hupima unene wake kwa milimita: daraja la wembamba kabisa halizidi milimita 6, na linalofuata halizidi milimita 9. Mshiri uliokuwa wa daraja la kwanza Jumatatu unaweza kuwa umeteremka daraja ifikapo Jumatano, bila mdudu wala ugonjwa, kwa kukua tu. Na ukiachwa mtini hadi mbegu zikomae, mti wenyewe hupunguza kutoa maua mapya, kwa maana kazi yake imekwisha. Kwa hiyo siku moja ya lori kutokuja si hasara ya siku hiyo pekee. Mavuno ya wiki inayofuata nayo hupungua.

Upande wa pili yuko mnunuzi, naye pia ana kalenda yake. Mzigo wa mishiri husafiri kwa ndege kutoka Nairobi, na nafasi ya mzigo kwenye ndege hulipiwa ijazwe au isijazwe. Maduka makubwa ya Ulaya hutoa makadirio ya msimu mapema, lakini oda kamili huthibitishwa siku chache kabla, na wakati mwingine siku moja tu. Jua likiwaka huko watu hula saladi, kukinyesha hubadili chakula. Mwenye kampuni ya kusafirisha hukaa katikati ya mtu anayeagiza leo kwa kesho na mtu aliyepanda wiki saba zilizopita. Pengo hilo la wiki saba haliondoki kwa kupigiana simu. Huzibwa kwa kalenda ya upanzi inayokubaliwa na pande zote mbili kabla mbegu haijaingia ardhini.

Chukua mfano wa kikundi kimoja. Takwimu hizi ni za kufundishia, na kila kikundi kitaweka zake. Mnunuzi anataka kilo 3,000 kila wiki. Wanachama ni 20, kila mmoja ana kipande cha robo ekari. Kipande kimoja hutoa kilo 100 katika wiki ya kwanza ya kuchuma, 200 wiki ya pili, 200 wiki ya tatu na 100 wiki ya nne, jumla kilo 600. Wanachama wanapiga hesabu ya haraka: vipande 20 mara kilo 600 ni kilo 12,000, ambazo ni mahitaji ya wiki nne kamili. Hesabu imekubali. Mvua inanyesha, wote wanapanda wiki hiyo hiyo.

Matokeo yake ni haya. Wiki ya kwanza ya kuchuma kikundi kina kilo 2,000 na mnunuzi amepungukiwa na 1,000. Wiki ya pili kina kilo 4,000, wiki ya tatu 4,000, na kila mara kilo 1,000 hukosa mahali pa kwenda. Wiki ya nne ni 2,000 na mnunuzi amepungukiwa tena. Wiki ya tano hakuna kitu. Kikundi kimeuza kilo 10,000 na kulisha ng'ombe 2,000. Kila mkulima analalamika kwamba mnunuzi alikataa mzigo, na mnunuzi analalamika kwamba kikundi hakitegemeki. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Sasa kikundi kile kile kipange zamu. Kila wiki vipande vitano tu ndivyo vinavyopandwa. Wiki ya kwanza ya kuchuma zitatoka kilo 500, ya pili 1,500, ya tatu 2,500, na kuanzia ya nne zitatoka kilo 3,000 kila wiki bila kupanda wala kushuka, mradi vipande vitano vipya viendelee kuingia. Hiyo ndiyo maana ya kupanda kwa zamu. Wengi wamewahi kuisikia. Kinachosahaulika ni mambo mawili.

La kwanza ni kwamba kilo 3,000 hazifiki wiki ya kwanza. Mnunuzi anayetaka kiasi hicho kamili kuanzia mwanzo wa Oktoba, wakati soko la Ulaya linapofunguka, anahitaji upanzi uanze wiki kumi kabla: saba za kukua na tatu za kupanda ngazi. Hiyo ni wiki ya tatu au ya nne ya Julai. Na Julai ni mwezi wa baridi, mmea hujikokota, kwa hiyo katika wadi za juu ni salama zaidi kuanza mapema mwezi huo. Kabla ya hapo kuna kulima shamba, kununua mbegu na kupima udongo. Mnunuzi anayefika Agosti akiahidi bei nzuri ya Oktoba amechelewa, hata kama ana pesa mfukoni.

La pili ni ardhi. Kila kipande hukaa na zao wiki saba kikikua na wiki nne kikichumwa, jumla wiki 11. Vipande vitano kila wiki kwa wiki 11 ni vipande 55 vyenye mishiri kwa wakati mmoja, karibu ekari 14. Kikundi chenye vipande 20 hakiwezi kubeba kilo 3,000 kwa wiki hata wanachama wakikesha. Kinaweza kubeba kama kilo 1,000, na hapo ardhi haijapewa nafasi ya kupumzika wala ya kubadilisha zao. Mikataba mingi inayovunjika katika zao hili haikuvunjwa na mtu. Ilikuwa imevunjika siku ilipotiwa sahihi, kwa sababu hakuna aliyezidisha tano kwa 11.

Kalenda ikishaandikwa, hali ya hewa huanza kuichezea. Joto la Januari na Februari huharakisha mmea, na vipande vilivyopandwa kwa kupishana wiki moja huweza kuiva karibu pamoja. Baridi ya Juni na Julai hufanya kinyume chake. Kwa hiyo tarehe ya kupanda haitoshi kumwambia mnunuzi lini mzigo utakuja. Kinachotosha, au kinachokaribia kutosha, ni maua. Tangu ua lifunguke hadi mshiri ufae kuchumwa ni siku kumi hadi kumi na tano hivi. Karani wa kikundi akipita mashambani mara moja kwa wiki na kuandika vipande vilivyochanua, mnunuzi atakuwa na habari za wiki mbili mbele, na hizo ni habari bora kuliko makadirio yoyote yaliyoandikwa ofisini miezi miwili kabla. Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Daftari la mistari, kalamu na miguu vinatosha, pamoja na ujumbe wa simu kila Ijumaa: vipande vingapi vimechanua, vingapi vimeanza kuchumwa, vingapi vinaisha.

Mnunuzi naye ana deni la habari kama hizo. Anapopata fununu kwamba oda itapungua wiki ijayo, mara nyingi hunyamaza, akihofia wakulima watauza kwingine. Hunyamaza hadi lori lifike, kisha wachambuzi kwenye kibanda huanza kuona makosa ambayo wiki iliyopita hawakuyaona: huu umepinda, huu una doa, huu umezidi nusu milimita. Wakulima si wajinga. Wanajua kwamba viwango vya ubora hukaza soko linapolegea. Ni afadhali kwa pande zote mnunuzi aseme wazi siku nne kabla kwamba atachukua kilo 2,000 badala ya 3,000, ili kikundi kipunguze wachumaji, kitafute soko la mjini, au kichume vipande vichanga tu na kuacha vilivyokaribia kuisha. Kukataa mzigo kwa kisingizio humwachia mkulima gharama ya kibarua aliyechuma, kreti na usafiri. Humfundisha pia kwamba sifa ya mzigo wake haina uhusiano na jasho lake, na msimu unaofuata hatajitaabisha.

Kwa sababu hiyo mkataba mzuri hutenganisha mambo mawili. Kuna mzigo uliokataliwa kwa ubora, ambao sababu yake huandikwa pale pale kibandani, mbele ya mkulima au mwakilishi wake, siku ile ile, pamoja na kilo. Na kuna mzigo uliozidi oda, ambao hauna kosa lolote ila kuja siku isiyotakiwa. Mzigo wa pili, ikiwa ulikuwamo katika kalenda iliyokubaliwa, unastahili malipo fulani hata kama si bei kamili. Ni kiasi gani, hilo ni la kujadiliana mezani. Ila likiachwa bila kuandikwa, mkulima ndiye atakayebeba yote, kwa maana yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Wakulima nao wasijione malaika. Bei ikipanda, madalali huja na pikapu alfajiri na pesa taslimu, na kilo 3,000 zilizoahidiwa huwa 1,700 saa nne asubuhi. Kuna sababu zinazoeleweka: dalali hulipa papo hapo na mnunuzi hulipa baada ya wiki mbili au zaidi, na karo haingoji. Lakini angalia kinachofuata. Mnunuzi aliyepungukiwa msimu huu, msimu ujao huandikisha vikundi zaidi ya mahitaji yake ili ajikinge. Anahitaji kilo 3,000, anaagiza 4,500 akitarajia zitakazofika ni 3,000. Mwaka huo bei mtaani ni mbaya, dalali haonekani, na kilo zote 4,500 zinafika. Nani anarudishwa nazo? Wale wale waliouza pembeni mwaka jana, na pamoja nao majirani waliokuwa waaminifu.

Mchezo huu wa kuongezeana chumvi haukuanzia kwenye mishiri. Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliueleza mwaka wa 1961 katika kitabu chake kuhusu mwenendo wa viwanda. Alionyesha jinsi badiliko dogo la mauzo dukani linavyokua kila linapopita mkono mmoja kwenda mwingine, kutoka kwa muuzaji rejareja hadi kwa mwenye ghala na hatimaye kiwandani, mpaka kiwanda kinahangaika na mawimbi ambayo mteja wa mwisho hakuyasababisha. Kila mmoja kwenye mnyororo alikuwa anafanya jambo la busara kwa upande wake. Kilichokosekana ni kila mmoja kuona takwimu halisi za mwenzake kwa wakati. Mkulima wa mishiri amekaa mahali kilipokaa kile kiwanda, mwishoni kabisa, mawimbi yakiwa makubwa. Tofauti ni kwamba kiwanda huweza kuweka bidhaa stoo.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengine hulichukulia kama la mkulima peke yake, na si hivyo: dawa. Kila dawa ya wadudu ina muda wa kusubiri baada ya kunyunyiza kabla ya kuchuma, na umeandikwa kwenye kibandiko. Zao linalochumwa kila baada ya siku mbili lina nafasi finyu sana ya kunyunyiza. Mkulima aliyepanga kunyunyiza baada ya uchumaji wa Jumatatu, akijua atachuma tena Ijumaa, hunaswa pale mnunuzi anapopiga simu Jumanne jioni kuomba mzigo wa Jumatano kwa sababu kikundi kingine kimeshindwa. Akikataa anaonekana mkaidi. Akikubali, mabaki ya dawa yanaweza kuonekana kwenye maabara huko Ulaya, na shehena nzima, pamoja na mishiri ya watu ambao hawakunyunyiza chochote, ikateketea. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya ulikaza ukaguzi wa mishiri na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wengi waliacha zao hili kipindi hicho. Ratiba ya kuchuma na ratiba ya dawa ni karatasi moja. Siku ya kuchuma ikibadilishwa bila kuuliza kilichonyunyizwa lini, karatasi hiyo imechanwa.

Maji yana hesabu yake pia. Katika skimu za unyunyizaji, kila mstari una zamu yake, na zamu hiyo hupangwa na chama cha watumiaji maji ambacho mara nyingi hakijui lolote kuhusu mkataba wa mishiri. Mwanachama aliyepewa wiki ya tatu ya kupanda huku zamu yake ya maji ikiwa wiki ya tano, atapanda wiki ya tano. Makatibu wa vyama hivi viwili wakikaa pamoja nusu siku kabla ya msimu, tatizo hilo huisha. Wasipokaa, hakuna mkataba utakaolitatua.

Na kuna mambo ambayo kalenda haiyawezi. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka nchini Iceland, anga la sehemu kubwa ya Ulaya lilifungwa kwa siku kadhaa. Maua na mboga za Kenya zilizokuwa tayari kusafiri zilitupwa. Machi 2020 ndege za abiria, ambazo hubeba mzigo mwingi tumboni, zilikatizwa kwa sababu ya Korona. Katika misukosuko kama hiyo hakuna wa kulaumiwa, lakini hasara ipo na lazima imwangukie mtu. Mkataba usiotaja siku kama hizo humwangushia aliye dhaifu. Sentensi mbili tatu zinatosha: nani atajulishwa, kwa muda gani, kilo ambazo tayari zimechumwa zitalipwaje, na zilizo bado mtini zitalipwaje.

Serikali ya Kaunti ina nafasi yake, nayo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya 2010 iliweka kilimo cha mazao chini ya kaunti, kwa hiyo maafisa wa ugani, barabara za mashambani na vibanda vya kuchambulia ni wajibu wake. Kupanga bei kati ya mnunuzi na kikundi si kazi yake, wala kumchagulia mtu mnunuzi. Anachoweza afisa wa kilimo wa wadi ni kuketi kati ya pande mbili wakati kalenda inaandikwa, kuuliza swali la vipande 55, na kuhakikisha nakala moja inabaki kwa kikundi badala ya zote kwenda Nairobi.

Imebaki miezi ya Julai hadi Septemba. Wakati huo Ulaya huchuma mishiri ya mashamba yake yenyewe, na oda kutoka Kenya hushuka. Wakulima wengi huiita miezi ya njaa. Lakini ardhi ya mishiri haifai kupandwa mishiri mfululizo, wala maharagwe au kunde baada yake, kwa sababu magonjwa ya mizizi hubaki udongoni yakingoja jamaa yule yule. Vipande vitakavyoanza kuchumwa Oktoba vinapandwa Julai na Agosti. Vile ambavyo zamu yao ni ya Novemba na Desemba vina nafasi ya kubeba mahindi ya kuchoma, kabeji au vitunguu kabla ya hapo, vikiwa vimeingia ardhini kuanzia Aprili hadi Juni kulingana na zao na tarehe ya mishiri itakayofuata. Kwa hiyo kikao cha kupanga msimu wa Oktoba kinafaa kufanyika Machi, mnunuzi akiwepo na makadirio yake, katibu wa chama cha maji akiwepo na zamu zake, na kila mwanachama akiwa na namba ya kipande chake. Fomu ya kalenda ya upanzi, yenye safu ya tarehe ya kupanda, ya kuchanua, ya dawa na ya kuchuma, yaweza kuandikwa na kikundi chenyewe. Ni ukurasa mmoja.